Stima, Maji na Uwiano Mmoja: Historia Fupi ya Kupima Vituo vya Data

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa kwa sababu ya kazi, na pia kwa sababu ya stima, ambayo hapa Kware huja na kwenda kama mgeni asiye na adabu. Leo nataka kuandika juu ya jambo ambalo limenikera tangu mwaka 2023: namna tunavyopima kituo cha data na kutangaza kwamba hiki kinatumia umeme vizuri na kile kinaufuja. Ni historia ndefu kuliko nilivyodhani, na mimi mwenyewe nimo ndani yake kidogo, mahali ambapo sijivunii.

Kwa wasiopajua, Kware ni wadi ya Embakasi Kusini, jirani na Pipeline na Mukuru kwa Njenga. Jina halina uhusiano na ndege kware. Ni neno la Kiingereza la machimbo ya mawe, lililotafunwa na ndimi zetu likawa letu. Nyumba ninayokaa ina mita ya tokeni, kwa hiyo kila mpangaji anajua uniti zake zimebaki ngapi, na uniti ikiisha saa tatu usiku huna haja ya mtaalamu wa kukueleza ufanisi ni nini.

Tuanze na hilo neno lenyewe, stima. Watanzania hutucheka kwa kuuita umeme stima, lakini neno hilo limebeba historia. Lilianza na meli za mvuke, likahamia kwenye mitambo, na hatimaye Wakenya tukaliweka kwenye waya za ukutani. Na kusema kweli hatukukosea sana. Sehemu kubwa ya umeme wa Kenya leo inatoka kwenye mvuke wa ardhini kule Olkaria, ambako mtambo wa kwanza, wa megawati 15, ulianza kazi mwaka 1981. Na ukitafuta mahali ambapo binadamu walianza kubishana kwa tarakimu juu ya mashine ipi inafanya kazi zaidi kwa nishati kidogo, utarudi pia kwenye mvuke.

Mahali penyewe ni Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza. Huko kulikuwa na migodi ya shaba na bati iliyojaa maji, na maji yalivutwa juu kwa injini za mvuke. Cornwall haikuwa na makaa ya mawe. Yaliletwa kwa meli kutoka Wales, na yalikuwa ghali. James Watt na mshirika wake Matthew Boulton waliliona hilo mapema. Badala ya kuuza injini tu, walidai thuluthi moja ya thamani ya makaa ambayo mteja ameokoa ukilinganisha na injini ya zamani ya Newcomen. Fikiria hapo: malipo yao yalitegemea kipimo. Kwa hiyo walifunga kwenye injini kihesabio cha mapigo, ndani ya sanduku lenye kufuli, ili mwenye mgodi asicheze na hesabu.

Hataza ya Watt iliisha mwaka 1800. Mwaka 1811 Joel Lean, msimamizi wa migodi, akaanza kuchapisha kila mwezi taarifa ya injini za migodi ya eneo lile: injini ya nani, iko wapi, na imefanya nini. Kipimo chake kilikuwa rahisi kueleweka na mtu yeyote aliyewahi kununua makaa. Ni ratili ngapi za maji zimeinuliwa futi moja kwa busheli moja ya makaa? Mwanzoni wastani haukufika milioni 20. Mwaka 1835 injini moja ya mgodi wa Fowey Consols ilijaribiwa hadharani, kwa kuwa watu hawakuamini sifa zake, ikafikia milioni 125. Kila fundi aliyafahamu matokeo ya jirani yake, na hakuna aliyetaka jina lake liwe mkiani.

Angalia kilicho juu na kilicho chini ya mstari wa hesabu ile. Juu kuna kazi ambayo mteja anaitaka, maji yaliyotoka mgodini. Chini kuna anacholipia, makaa. Hata hivyo kulikuwa na tundu: maji hayakupimwa kwa ndoo. Walihesabu mapigo ya pampu wakazidisha kwa ukubwa wa pampu. Pampu iliyovuja, au iliyovuta hewa nusu na maji nusu, ilihesabiwa kana kwamba imejaa. Kumbukeni tundu hilo, nitalirudia.

Sasa turuke hadi kwetu. Kwa miaka mingi hakuna aliyeuliza seva za Kenya zinakula stima kiasi gani, kwa sababu swali letu kubwa lilikuwa la njia ya mawasiliano. Kabla ya nyaya za chini ya bahari, barua pepe iliyotoka ofisi moja ya Nairobi kwenda nyingine ya barabara ileile ilipanda setilaiti, ikazuru ng'ambo, kisha ikarudi. KIXP, kituo cha watoa huduma kubadilishana data hapa nyumbani, kilianzishwa Novemba 2000, kikafungwa baada ya wiki chache Telkom Kenya ilipolalamika kwa mamlaka ya mawasiliano, kisha kikafunguliwa tena Februari 2002. Nyaya za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa mwaka 2009. Hata M-Pesa, iliyozinduliwa Machi 2007, ilikuwa na seva zake Ujerumani hadi Aprili 2015. Yaani mama mboga wa hapa Kware akipokea shilingi 50, hesabu yake ilifanyika kwa umeme wa Wajerumani, kwenye jengo lililopozwa na baridi ya Wajerumani.

Mwaka 2013 East Africa Data Centre ikafunguliwa Mombasa Road, kwenye eneo la Sameer, si mbali na hapa. Baadaye vikaja vituo vingine, Nairobi na Mombasa. Hapo ndipo swali la stima likawa letu, na jibu tuliloletewa lilikuwa tayari limeshapikwa kwingine.

Jibu hilo linaitwa PUE. Christian Belady na Chris Malone walilipendekeza mwaka 2006, na mwaka 2007 likachukuliwa na The Green Grid, muungano wa makampuni ya Marekani. Mwaka 2016 likawa kiwango rasmi cha kimataifa, ISO/IEC 30134-2. Hesabu yake ni hii: chukua nishati yote iliyoingia kwenye kituo, gawanya kwa nishati iliyofika kwenye vifaa vya tarakilishi vyenyewe. Ukipata 2, maana yake kwa kila uniti iliyofika kwenye seva, uniti nyingine imeishia kwenye mitambo ya kupoza hewa, UPS, transfoma na taa. Ukipata 1, hakuna kilichopotea njiani, jambo ambalo halitokei.

Nisiwe mchoyo wa sifa. Kipimo hiki kilifanya kazi kubwa. Uchunguzi wa Uptime Institute wa mwaka 2007 ulipata wastani wa takriban 2.5 kwa vituo vilivyojibu. Kufikia 2013 ulikuwa karibu 1.65. Watu walitenganisha hewa ya moto na ya baridi, wakaziba matundu ya sakafu, wakaacha kuvipoza vyumba kama bucha. Google inataja wastani wa takriban 1.1 kwa vituo vyake vikubwa. Lakini tangu hapo wastani wa Uptime umetambaa tu, 1.56 mwaka 2024, na wakati huohuo tarakimu yenyewe imehama kutoka kwa mafundi kwenda kwa watu wa mauzo.

Hapa ndipo mimi naingia. Mwaka 2023 nilikuwa mwandishi wa programu kwenye kampuni moja ya Nairobi (sitaitaja) iliyochakata malipo kwa niaba ya mashirika mengine, na iliyokuwa na chumba chake cha seva. Nilipewa kazi ya kusafisha mfumo wa zamani. Nikagundua kwamba seva nyingi zilikuwa zimekaa bure, zikisubiri kazi ambayo ilishahamishwa zamani. Seva iliyokaa bure si kama matatu iliyozimwa stejini, ni kama iliyoachwa ikinguruma. Luiz Barroso na Urs Hölzle wa Google walikuwa wameandika tangu 2007 kwamba seva nyingi hufanya kazi kati ya asilimia 10 na 50 tu ya uwezo wake, na kwamba hata isipofanya lolote hula karibu nusu ya umeme wake wa juu kabisa. Nikaunganisha kazi kwenye mashine chache, nikazima zilizobaki.

Nitatumia tarakimu za mviringo ili msipotee. Kabla yangu, seva zilikula kilowati 100 na mengine yote kilowati 60. Jumla 160, PUE 1.6. Baada yangu, seva kilowati 70, mengine 52, kwa kuwa mitambo ya kupoza haipungui sawasawa na mzigo. Jumla 122. Tumeokoa kilowati 38 usiku na mchana, zaidi ya uniti 27,000 kwa mwezi. Katika bei za stima zilizoanza Aprili 2023, mteja wa chini kabisa ni yule asiyezidi uniti 30 kwa mwezi. Uniti zile zingetosha nyumba 900 za namna hiyo, na huku Kware nyumba 900 hujaa kwenye mtaa mmoja mfupi.

Sasa gawanya. 122 kwa 70 ni 1.74.

Ripoti ya Julai ilipotoka, mkubwa wangu aliniita. Bonasi ya idara ilifungwa kwenye PUE ya robo mwaka, na ilipaswa isizidi 1.65. Nikamwonyesha bili. Akaniambia bili ni ya idara ya fedha. Hakuwa mtu mbaya, na bonasi ile haikuwa yake peke yake. Kulikuwa na mafundi wanne ambao karo za watoto wao zilikuwa zikiitegemea, na mmoja wao alikuwa rafiki yangu.

Halafu ikaja Agosti. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima iliingia gizani, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukaonja. Wengine mtakumbuka giza jingine la Juni 2016, tumbili alipoangukia transfoma pale Gitaru. Sisi tuliendesha jenereta mpaka kesho yake, na ukijumlisha na vikatizo vingine vidogo, mwezi ule ulikuwa na saa 26 hivi za dizeli. Ulikuwa mwezi mchafu kuliko yote ya mwaka ule, moshi mpaka kwenye ngazi. Ripoti ikatoka: PUE 1.68. Imeboreka! Mkubwa akafurahi, akasema tuko njiani.

Mimi nilishindwa kuelewa. Aliyenielewesha ni mzee mmoja aliyesimamia jenereta, ambaye hakuwa na shahada yoyote lakini alikuwa na daftari. Kila jenereta ilipowaka aliandika tarehe, saa ya kuwasha, saa ya kuzima, na lita. Akaniambia, "Kijana wangu, hiyo mita yenu ya jumla iko upande wa Kenya Power. Haijui jenereta." Basi. Stima ikipotea, mita ya jumla ilisimama, huku mita ya seva, iliyokuwa baada ya UPS, ikiendelea kuhesabu. Kadiri stima ilivyokatika ndivyo tulivyoonekana wafanisi. Kanuni zinataka kila chanzo cha nishati kihesabiwe, dizeli ikiwemo. Lakini aliyefunga mita hakuzisoma, na tarakimu iliyotoka ilipendeza kiasi kwamba hakuna aliyeitilia shaka.

Baada ya hapo nilianza kuona matundu kila mahali. Kwa mfano, feni zilizo ndani ya seva huhesabiwa upande wa vifaa vya tarakilishi. Ukiacha chumba kipate joto, mitambo ya kupoza inapumzika na feni za seva zinakimbia kasi zaidi. PUE inashuka hata kama jumla imepanda. Na usilinganishe Nairobi na Mombasa kwa uwiano huu ukadhani unalinganisha mafundi. Nairobi ina usiku wa baridi unaoweza kupoza chumba bila kuwasha kompresa, ingawa katika mwinuko wa takriban mita 1,700 hewa ni nyepesi na feni inabidi isukume hewa nyingi zaidi ili iondoe joto lilelile. Mombasa ina joto na unyevu mwaka mzima. Mwenye kituo cha Mombasa aliye na 1.6 huenda ana akili kuliko wa Nairobi aliye na 1.4.

Lakini kinachonigusa zaidi ni maji. Njia rahisi ya kushusha PUE ni kupoza kwa kuvukiza maji, maana maji hufanya kazi ambayo kompresa ingeifanya kwa stima. Kuvukiza lita moja ya maji huchukua joto la takriban uniti 0.68. Chumba cha kilowati 100 kikiondoa joto lote kwa njia hiyo kitahitaji lita 3,500 hivi kwa siku, yaani mitungi 175 ya lita 20. Hakuna hata mtungi mmoja utakaoonekana kwenye PUE. The Green Grid wenyewe waliliona hilo, wakaongeza kipimo cha maji, WUE, mwaka 2011, lita kwa kila uniti ya vifaa vya tarakilishi. Sijaona bango lolote la mauzo hapa Nairobi linalokitaja. Na hili ni jiji lililoanza mgao wa maji Januari 2017 baada ya bwawa la Ndakaini kupungua, jiji ambalo watu wa mtaa wangu hununua maji kwa mtungi na kuyapandisha ghorofa ya sita mgongoni. Mei 2024 Microsoft na G42 walipotangaza mpango wa kituo kikubwa cha data kwa mvuke wa Olkaria, kila mtu aliandika juu ya megawati. Swali langu la kwanza lilikuwa kitapozwa kwa nini.

Kwa hiyo tupime nini? Nilirudi kwa Joel Lean: juu weka kazi ambayo mteja anaitaka, chini weka unacholipia. Mwaka 2013 eBay walichapisha kitu cha namna hiyo, wakihesabu miamala ya kununua na kuuza kwa kila uniti ya umeme. Nami nikatengeneza jedwali langu: malipo kwa kila uniti, dizeli ikiwa imegeuzwa kuwa uniti kutoka kwenye daftari la mzee.

Wiki ya kwanza nikajiona nabii. Wiki ya pili malipo kwa uniti yakapanda ghafla kwa nusu nzima, na sikuwa nimegusa kitu. Nikachunguza. Mteja mmoja alikuwa amebadilisha programu yake, na kila ombi lililochelewa kidogo lilitumwa upya mara tatu au nne. Nilikuwa nahesabu maombi, si malipo yaliyokamilika. Pampu ilikuwa ikivuta hewa, nami nahesabu mapigo! Miaka 200 na ushei baadaye nimetumbukia shimo lilelile la Cornwall. (Hapa ndipo ndege kware anapopata nafasi yake. Mnakumbuka mwishoni mwa 2013, nusu ya nchi ilipofuga kware? Kila mfugaji alijua idadi ya mayai aliyookota asubuhi. Wanunuzi hawakuhesabiwa na mtu.)

Nikarekebisha, nikahesabu tu malipo yaliyofika kwa mpokeaji na kuthibitishwa. Jedwali likatulia. Lilionyesha wazi kwamba kuzima seva kulitusaidia, na kwamba Agosti ulikuwa mwezi mbaya. Nikalipeleka kwa mkubwa wangu, pamoja na maelezo ya mita. Aliisoma karatasi yote, nampa heshima hiyo. Akasema ni kweli, na kwamba tutalizungumza mwaka ujao wakati wa kupanga malengo mapya. Kisha akaniomba niwashe seva nilizozizima, kwa mwezi wa Septemba tu, mpaka robo iishe.

Nikaziwasha. Hazikuwa na kazi, kwa hiyo niliandika hata programu ndogo ya kuzitesa ili zile stima vizuri, mistari kumi na moja, ikizidisha namba na kuzitupa. Nilifikiria wale mafundi wanne na karo, na nilifikiria pia mkataba wangu uliokuwa unaisha Desemba. PUE ya Septemba ilikuwa 1.52, na wastani wa robo ukaingia ndani ya 1.65 kwa ncha ya ukucha. Bonasi ilitoka. Jioni hiyo nilifika nyumbani nikakuta tokeni imeisha, nikanunua za shilingi 200.

Oktoba nilizizima tena, na Januari 2024 nikaondoka. Siku ya mwisho nilikwenda kumuaga yule mzee chini kwa jenereta. Nikamwomba nipige picha kurasa za daftari lake, akakubali. Ninazo mpaka leo. Kuna tarehe, saa, lita, na pembeni safu ya nne ambayo sikuwa nimeiona mwanzoni, kwa mwandiko mdogo zaidi, ambapo aliandika ni vyumba vipi vilikuwa vimewashwa na havikuwa na mtu ndani.